Pilingi ya Uso: Unalipia Nini Hasa?

Tangazo la pilingi huwa na bei moja tu, ile ya kukaa kitini mara moja. Juu yake kuna picha mbili za uso, mmoja una madoa na mwingine umetakata, na chini kuna namba ya simu. Mtu aliyekaa na madoa ya chunusi mwaka mzima huitazama bei ile, akapima mfuko wake, akaona anaimudu. Hajaambiwa kwamba madoa hayaondoki kwa mara moja, wala kwamba pilingi bila daktari, krimu na losheni ya kukinga jua ni fedha iliyotupwa. Na hajaambiwa kwamba kwenye ngozi nyeusi, asidi iliyopakwa vibaya huacha doa jeusi zaidi kuliko lile lililompeleka pale.

Pilingi ni kupaka asidi usoni kwa dakika chache ili tabaka la juu la ngozi lilegee, libanduke, na ngozi mpya ijitokeze. Rangi ya ziada iliyolala katika tabaka hilo huondoka nalo. Uwezo wake unaishia hapo. Haizimi kiwanda cha rangi kilicho chini, na kiwanda hicho kwetu sisi ni chepesi kuamka: ngozi nyeusi ikichomwa, ikikwaruzwa au ikiwashwa, hujibu kwa kumwaga melanini zaidi. Mwaka 1975 daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick aliweka kipimo cha kupanga ngozi kwa jinsi zinavyoungua na jua. Ngozi za Waafrika wengi ziko daraja la 5 na la 6, na madaraja hayo hayakuwamo kwenye kipimo cha mwanzo, yaliongezwa baadaye. Kumbuka hilo unapoletewa chupa yenye maelekezo yaliyoandikiwa ngozi nyeupe.

Fedha nyingi hupotea kabla hata asidi haijafunguliwa, kwa sababu mtu hajui ana doa gani. Doa lililoachwa na chunusi, likiwa la juu juu, mara nyingi hufifia lenyewe kati ya miezi 6 na 12, ilimradi chunusi zenyewe zimekoma na jua limezuiwa. Kama chunusi bado zinatoka, kulipia pilingi ya madoa peke yake ni kufagia huku mchanga unaingia mlangoni. Melazma ni jambo jingine: mabaka ya kahawia yanayokaa mashavu yote mawili, kipaji cha uso na juu ya mdomo, ambayo huja na ujauzito, vidonge au sindano za uzazi wa mpango, jua na joto. Haya hurudi. Hakuna kliniki inayoweza kuyafuta milele, na anayekuahidi hivyo usimpe hata senti. Kwa wanaume, madoa ya kidevuni na shingoni mara nyingi yameletwa na ndevu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa karibu mno. Dawa ya kwanza hapo ni kuacha wembe na kutumia mashine inayobakiza ndevu kidogo.

Halafu kuna madoa ya mkorogo. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Krimu zinazochanganywa na kuuzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi huweza kuwa na haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi hupunguza unene wa ngozi. Ngozi iliyopunguzwa hivyo ikipakwa asidi, asidi huzama mbali kuliko mpakaji alivyokusudia, na kidonda hufuata. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi nayo huweza kuacha weusi wa samawati usoni, hasa kwenye mifupa ya mashavu, na weusi huo hauondoki kwa pilingi za kawaida. Aliyetumia mkorogo anahitaji kwanza daktari wa kumsaidia kuuacha taratibu, na kumweleza daktari huyo ukweli wote, hata kama anaona haya. Saluni inayompokea na kumpaka asidi siku hiyo hiyo bila kuuliza imeshaonyesha haijui kazi.

Sasa hesabu. Namba zifuatazo ni za kufanyia mfano, si orodha ya bei. Weka za mji wako mahali pake, iwe kwa shilingi ya Tanzania, ya Kenya au ya Uganda. Tuseme kumwona daktari wa ngozi ni shilingi 40,000 za Tanzania, na utamwona mara mbili. Krimu ya usiku ni 30,000 kwa mrija wa gramu 30. Ukipaka nusu gramu kila usiku, mrija unakaa siku 60, kwa hiyo miezi sita ni mirija mitatu. Losheni ya kukinga jua ni 35,000 kwa mrija wa mililita 50. Uso unahitaji kama mililita 1 kila unapopaka, na unapaka asubuhi na mchana, basi mrija unaisha kwa siku 25. Miezi sita ni kama mirija saba.

Jumlisha: daktari 80,000, krimu 90,000, losheni 245,000. Ni 415,000. Hapo hujapakwa asidi hata tone.

Sasa ongeza pilingi tano za 120,000 kila moja. Jumla inakuwa 1,015,000. Tazama tofauti: ni zile 600,000 za pilingi, hakuna kingine. Krimu haikupungua, losheni haikupungua, daktari hakupungua. Pilingi haichukui nafasi ya vitu hivyo. Inaongezwa juu yake. Kliniki inayokuuzia paketi ya pilingi bila krimu ya maandalizi na bila kukuuliza unakinga vipi jua haikupi nafuu ya bei, imekata sehemu ya tiba inayofanya madoa yasirudi.

Kwa hiyo swali la mnunuzi si kama pilingi inafanya kazi. Inafanya. Swali ni zile 600,000 zinanunua nini juu ya zile 415,000. Kwa sehemu kubwa zinanunua muda. Madoa ya juu juu ambayo yangechukua miezi mingi kufifia kwa krimu yanaweza kuanza kupungua wazi baada ya pilingi mbili au tatu. Kwa mtu mwenye uwezo, ambaye chunusi zake zimeshatulia, hiyo ni haja halali kabisa. Doa usoni linamnyima mtu raha mbele za watu, na sitamwambia yeyote kwamba anajali mambo madogo. Lakini kwa anayechagua kati ya pilingi na losheni ya jua kwa sababu fedha hazitoshi zote mbili, jibu langu ni losheni, bila kusita.

Ukiamua kulipa, unalipia asidi gani? Hapa ndipo kliniki zinatofautiana na ndipo wateja hawaulizi.

Kwa madoa ya chunusi, ningeanza na salisiliki ya asilimia 20 hadi 30. Inayeyuka katika mafuta, hivyo huingia kwenye vinyweleo vilivyoziba na kutibu chunusi huku ikibandua doa. Ina jambo jingine linalompa mpakaji nafasi ya kujirekebisha: kimiminika kikikauka huacha unga mweupe usoni unaoonyesha wapi pamepakwa na wapi pamerukwa, na kazi yake hupungua yenyewe. Mwaka 1999 Pearl Grimes, daktari wa ngozi wa Los Angeles, alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wenye ngozi nyeusi waliopakwa asidi hii mara tano, kila baada ya wiki mbili, wakianza na asilimia 20 kisha 30. Wengi walipata nafuu, na madhara yalikuwa machache na madogo. Lakini wote walikuwa wameandaliwa kwa krimu kwa wiki mbili kabla ya asidi ya kwanza, na walisimamiwa na mtu aliyejua anachofanya. Mara tano hizo ndizo zilizonifanya niweke pilingi tano katika hesabu yangu ya juu. Mwenye mzio wa aspirini asipakwe salisiliki, na mjamzito pia aiache.

Glaikoliki ndiyo inayotangazwa zaidi. Huanzia asilimia 20 hadi 70, na ni nzuri kwa melazma na kwa ngozi inayokwaruza. Tatizo lake ni kwamba isipozimwa kwa maji au kwa mchanganyiko wa magadi ya soda, inaendelea kula. Dakika moja ya uzembe, mpakaji akipokea simu, inatosha. Tena asilimia peke yake haisemi kitu: chupa mbili za asilimia 50, moja ina pH 1 na nyingine pH 3, si dawa moja hata kidogo. Uliza vyote viwili. Kwa ngozi inayowaka upesi, mandeliki na laktiki ni pole zaidi, kwa sababu mandeliki ina molekuli kubwa inayoingia polepole. Huenda ukahitaji kupakwa mara nyingi zaidi, nayo bei itapanda kwa idadi, lakini hatari inashuka.

Kuna asidi ya traikloroasetiki, inayojulikana kwa herufi TCA. Yenyewe ni rahisi kwa bei, na ndiyo sababu wasio na ujuzi huikimbilia. Ikishapakwa haizimwi kama glaikoliki. Inaendelea mpaka nguvu yake iishe, na ngozi hugeuka nyeupe kama imepigwa na barafu. Kwa asilimia 10 hadi 15, mikononi mwa daktari, inaweza kutumika kwa ngozi nyeusi. Asilimia 35 ni pilingi ya kati, na kupita hapo ni kucheza na makovu, hasa kwa anayeota makovu yanayovimba. Kuhusu fenoli sina maneno mengi: inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, inahitaji mashine ya kuyafuatilia wakati wa kupakwa, na huondoa rangi ya ngozi moja kwa moja. Si ya kwetu.

Njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa tangazo, ni kununua asidi mtandaoni na kujipaka nyumbani. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasinunue wala kutumia bidhaa za pilingi bila usimamizi wa mtaalamu, baada ya kukuta zinauzwa kwa watu wa kawaida zikiwa na TCA, glaikoliki, salisiliki na laktiki za nguvu ya kuunguza. Marekani wana madaktari wa ngozi wengi na maduka yanayokaguliwa, na bado wameonya. Anayenunua chupa ileile kwa kuagiza, au kwenye duka la vipodozi Kariakoo au mtaa wa Dubois jijini Nairobi, anajipaka kitu ambacho hajui kilitunzwa vipi wala kama namba ya kwenye lebo ni ya kweli. Akiungua, gharama ya kutibu jeraha na doa jipya itapita mbali ile aliyoikwepa.

Na limau? Liacheni. Maji ya limau au ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayodumu wiki au miezi. Ni bure, na bado ni ghali.

Kwa upande wa krimu, machaguo si haba, na baadhi yana uwezo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Adapalini ya asilimia 0.1 hutibu chunusi na kuharakisha ngozi kujibadilisha. Tretinoini hufanya hivyo kwa nguvu zaidi na kuwasha zaidi. Zote mbili mjamzito asizitumie. Azelaiki, jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20, hupunguza chunusi na rangi kwa pamoja, na huruhusiwa katika ujauzito. Ikipatikana katika duka lako la dawa, ndiyo ningeitafuta kwanza kwa mama mwenye melazma. Zote zinataka uvumilivu wa miezi mitatu kabla ya kuhukumiwa. Haidrokwinoni ina historia yake: Afrika Kusini iliizuia kwenye vipodozi mwaka 1990, na leo Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zinaikataza humo. Katika nchi nyingine madaktari huiandika kwa asilimia 4 kwa miezi michache, kwa uangalizi. Hiyo ni kazi ya daktari. Kopo la sokoni lenye haidrokwinoni ni kosa kisheria na ni hatari usoni.

Leza kwa kawaida ni ghali kuliko pilingi kwa kila mara, na kwa melazma madoa hurudi mara nyingi. Ukipendekezewa leza, uliza ni mashine gani. Ile ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Mashine za mwanga mkali ziitwazo IPL huunguza ngozi zetu kwa urahisi. Dripu za glutathioni zinazouzwa kama za kung'arisha hazina idhini ya FDA kwa kazi hiyo, na singezitaja kama zisingekuwa zinauzwa pamoja na pilingi kwenye paketi moja.

Ipo gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo ni kazi yako. Baada ya salisiliki, ngozi hukauka na kubanduka kwa siku tatu hadi tano. Baada ya TCA, ni wiki moja au zaidi. Siku hizo uso hautaki jua wala joto. Dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani, mama lishe anayeinama juu ya jiko tangu alfajiri, muuza samaki ufukweni, hawa watabandua doa leo na kulirudisha wiki ijayo, kwa kuwa jua na joto la moto vyote huchochea melazma. Kwao, losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksaidi ya chuma, pamoja na kofia pana, ni matumizi bora ya fedha kuliko asidi. Losheni hiyo yenye rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi nao huongeza mabaka, jambo ambalo losheni nyeupe za kawaida hazilifanyi vizuri.

Maharusi nao wana jambo lao. Katika mwambao wa Pwani, bibi harusi husuguliwa kwa singo na liwa, na somo wake anayemfunda hataki kusikia habari za kuahirisha. Ni mila nzuri, lakini kusugua ngozi iliyotoka kwenye asidi ni kuiumiza. Chagua kimoja kwa majuma hayo. Na pilingi ya kwanza isifanywe ndani ya mwezi wa harusi; ifanywe miezi minne au mitano kabla, ili kama ngozi itajibu vibaya, kuwe na muda wa kutibu.

Nani akupake? Kwa Tanzania Bara, daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa Kenya ni baraza la madaktari la huko, KMPDC, na orodha yake inaweza kutafutwa mtandaoni. Jina la mtu anayekupaka lipo humo? Cheti cha kozi ya urembo kilichotundikwa ukutani hakitoshi kwa TCA. Walio mbali na miji mikubwa wasikate tamaa: tangu 1992, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika, wakiwamo matabibu wanaorudi kufanya kazi katika hospitali za mikoani. Ulizia katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama yupo mmoja. Anaweza kukuambia, kwa ada ya kumwona tu, kwamba doa lako litaondoka bila pilingi, na umeokoa 600,000. Usitegemee bima katika haya. Bima nyingi hazilipii tiba za urembo, ingawa kutibu chunusi au jeraha huweza kukubaliwa, kwa hiyo uliza kabla.

Kabla hujatoa fedha, taka mambo haya kwa maandishi: jina la asidi, asilimia na pH yake, idadi ya mara zote zinazotarajiwa, bei ya jumla pamoja na krimu na losheni, na nani atakayelipia matibabu ukiungua. Waambie unavyotumia na hali uliyonayo: vidonge vya chunusi vya isotretinoini, mkorogo, uzazi wa mpango, ujauzito, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, makovu yanayovimba. Omba wajaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio au chini ya taya, na wasubiri siku kadhaa. Lipa mara moja moja, usilipe paketi nzima mwanzoni. Na kliniki ikikasirishwa na maswali haya, chukua mkoba wako uondoke. Ngozi ya uso wako ni moja, na kliniki ziko nyingi.